Tulinunua stori ya kuchekesha, mbona sasa mvua ikipiga bati natetemeka?

"Shikamoo dada mshauri. Mimi nina miaka 31, mama wa watoto wawili, niko Tanga mjini. Tuna mchezo wetu wa kina mama kumi, tunakutana kila Jumapili jioni na mbali na kupeana hela tuna grupu la kusoma simulizi, tunachangishana tunanunua stori nzima halafu admin anatuwekea sehemu moja kila siku. Mwezi uliopita mimi ndo nilipendekeza moja ya mapenzi ya kuchekesha, mdada ana kibanda cha chipsi anagombana na fundi pikipiki jirani yake, tulicheka mpaka mbavu zinauma. Kufika sehemu ya 14 ghafla inatoka kwamba alipokuwa na miaka 12 mume wa shangazi yake alimfungia stoo akamfanyia unyama, mwandishi kaeleza mpaka sauti ya kufuli na mvua inavyopiga bati. Mimi wallahi sijawahi kufanyiwa hivyo. Lakini nilianza kutetemeka, moyo unakwenda mbio, mikono ya baridi, sikulala. Sasa ni wiki ya tatu, mvua ikianza tu nashtuka. Miaka minne iliyopita nilijifungua mtoto akiwa ameshafariki, ilikuwa usiku wa mvua, ila hayo niliyamaliza sijayasema tena. Kwenye grupu tumegawanyika, mmoja anasema ile hadithi imemponya, mwingine anasema mwandishi ni mshenzi anatafuta hela kwa machozi ya watu, wifi yangu anasema mimi nina imani ndogo, stori tu ile. Mmoja alijitoa grupu bila kusema neno. Je, nimeanza kuchanganyikiwa? Niache kusoma? Na nani yuko sahihi?"

Marahaba mdogo wangu. Pole sana, na pole ya pili ni ya yule mtoto, kwa sababu naona umemtaja kwa haraka haraka kama mtu anayepita mbele ya nyumba yenye msiba.

Nianze na linalokunyima usingizi: hujachanganyikiwa. Mtu anayetetemeka usiku kwa sababu ya sauti fulani, na asubuhi anaamka anawapikia watoto chai anafungua biashara yake na bado anajiuliza "hivi nina nini mimi", huyo akili zake ziko nyumbani. Kilichokupata kina jina, kinaeleweka kinavyofanya kazi, na kina matibabu. Ila ili uelewe inabidi kwanza nikusahihishe neno moja uliloandika, "niliyamaliza". Hukuyamaliza mamangu, uliyanyamazia. Najua inavyokuwa huku kwetu, mama bado yuko wodini wanaume wameshakwenda kuzika, ukirudi nyumbani unakuta nguo za mtoto zimeshaondolewa, unapewa uji wa pilipili manga, unaambiwa Mungu atakupa mwingine, na kila mtu anaagizwa asilitaje mbele yako. Wanafanya kwa huruma, siwalaumu. Lakini kitu kisichotajwa miaka minne hakijaenda popote.

Sasa sikiliza ubongo unavyofanya. Kumbukumbu ya kawaida, tuseme harusi ya mdogo wako, inawekwa pamoja na tarehe yake, mwanzo wake na mwisho wake, ukiikumbuka unajua kabisa kwamba ile ilikuwa juzi na leo ni leo. Kazi hiyo ya kupanga inasaidiwa sana na sehemu ya ubongo inayoitwa hipokampasi. Kuna sehemu nyingine ndogo, umbo lake kama lozi, inaitwa amigdala, hiyo ni mlinzi wa getini, kazi yake kupiga king'ora. Ukiwa kwenye hofu kubwa mlinzi anapiga king'ora, mwili unamwaga adrenalini na kotisoli, homoni za mshtuko, na yule mpangaji wa tarehe anazidiwa. Matokeo yake usiku ule haukuhifadhiwa kama kisa kizima, umehifadhiwa vipande vipande: harufu ya dawa, taa, ubaridi wa kitanda, mvua. Na vipande hivyo havina tarehe. Kwahiyo kimoja kikiguswa mlinzi hajui kwamba ni miaka minne imepita, yeye anajua ni sasa hivi.

Ndo maana swali lako la "mimi sijawahi kufanyiwa hivyo" jibu lake ni jepesi kuliko unavyodhani. Unadhani ili hadithi ikuguse lazima iwe inafanana na yako, kumbe kwa mwili wako habari za stoo na mume wa shangazi hazikuwa na kazi, wenyewe ulisikia bati. Nimeshakutana na mama alishtuliwa na sauti ya friji, mwingine na harufu ya sabuni fulani ya kufulia, na wote walikuja wakiwa wanajiona wajinga.

Hali hii ikikaa jina lake la kitaalamu ni PTSD, yaani mshtuko unaobaki mwilini baada ya tukio la kutisha, na iliingizwa rasmi kwenye kitabu cha Wamarekani cha magonjwa ya akili mwaka 1980, baada ya vita vya Vietnam, ndo maana watu wengi mpaka leo wanafikiri ni ugonjwa wa wanajeshi. Sio wa wanajeshi tu. Kuna wanawake wanaipata leba.

Halafu kuna swali ambalo hukuniuliza ila naliona liko chini ya barua yako nzima: mbona nimeshasoma na kuona mambo mabaya zaidi ya hayo, taarifa za habari, mitandaoni, sikutetemeka, imekuwaje ka-stori ka chipsi? Mimi naona wepesi wenyewe wa stori ndo uliofungua mlango. Mtu akikuletea kitabu akakwambia hiki ni kisa cha mama aliyefiwa na mwanawe, unajifunga kibwebwe kwanza, au unakiacha. Hii wewe uliingia ukiwa unacheka. Umelala, umechoka, taa umezima, simu iko usoni, watoto wamelala, hakuna wa kumgeukia ukamwambia eh umeona hapa? Mtu akicheka mabega yanashuka, na pale pale yaliposhuka ndo ukapigwa. Na kuna kitu kingine cha hizi simulizi za vipande ambacho huwa nakilalamikia kila siku watu wananiona mkorofi: ile sehemu ya 14 iliishia wapi? Naweza kukisia bila kuisoma. Iliishia mlango umefungwa, halafu "itaendelea". Yaani mwandishi amekuwashia mwili mzima kisha amekuacha stoo mpaka kesho saa nne. Kwa stori ya nani kamuiba nani sawa, utamu wake ndo huo. Kwa kisa cha mtoto wa miaka 12 hiyo si busara, ule mlango ungefunguliwa ndani ya sehemu hiyo hiyo.

Sasa kwenye ugomvi wa grupu. Mwenzenu anayesema mwandishi ni mshenzi, mambo mazito hayawekwi kwenye kitu cha burudani, mimi hapo simuungi mkono, na tena sisi watu wa pwani ndo tusiseme kabisa. Siti binti Saad aliimba habari za Kijiti, kisa cha kweli cha mwanamke aliyetendewa unyama akauawa Unguja, na ni taarab ile, watu walikaa wakasikiliza kwa raha na kwa uchungu kwa pamoja. Na aliyemwandikia Siti wasifu wake ni Shaaban Robert, mtoto wa Vibambani hapa hapa Tanga. Kwahiyo kubeba msiba ndani ya kitu cha kufurahisha sio uhuni ulioletwa na simu. Kuna wanawake hawatashika kitabu cha saikolojia maisha yao yote, ila stori ya mapenzi wataisoma, na humo ndani kwa mara ya kwanza watasikia mtu anasema alichofanyiwa yule mtoto ni unyama na kosa halikuwa lake. Huyo mwenzenu aliyesema imemponya nadhani ndicho alichokisikia. Sio kitu kidogo.

Na kuna jambo jingine nalipenda kwenye stori za aina hiyo. Yule mdada anauza chipsi, anatania wateja, anapenda. Vitabu vingi vizito vikishamchukua mwanamke aliyeumizwa vinamwacha analia mpaka ukurasa wa mwisho, kama vile hana kingine zaidi ya jeraha lake. Mtu aliyeumizwa anaweza kuwa mcheshi kuliko wote mtaani. Nawajua.

Ila nina ugomvi wangu nao, na ni mkubwa. Huwa nakuta kwenye sehemu ya 19 au 20 fundi pikipiki anamkumbatia, analia kidogo begani, asubuhi yake amepona, sehemu ya 22 harusi. Hapo ndo penye sumu kuliko hata stoo. Kwa sababu baadaye ananijia mke wa mtu anasema mume wangu ni mwema, hanipigi, hanitukani, mbona bado akinigusa nashtuka, basi mimi ndo mbovu. Na mume naye yuko nje kwenye benchi anajiona ameshindwa kazi. Mapenzi yanasaidia sana, mtu mwenye mtu wa kumtegemea anapata nafuu haraka kuliko aliye peke yake, hilo ni kweli kabisa. Lakini king'ora hakizimwi na kumbatio moja. Kwahiyo hata huyo mwenzenu aliyepona wiki ya kwanza msimpigie vigelegele sana, muacheni, kuna siku anaweza kuamka vibaya akaona aibu kusema kwa kuwa alishatangaza amepona.

Huyu aliyejitoa kimya ndo nimemfikiria tangu nisome barua yako. Utafiti mkubwa wa ukatili kwa watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 walipitia ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Nyinyi mko kumi. Sisemi yeye ni mmoja wao, sijui na wewe hujui na usitake kujua. Usimwandikie inbox "shosti mbona umetoka, ni ile stori?" Mpitie siku moja kama unavyompitia siku zote, mpelekee visheti, ongeeni habari za bei ya mkaa. Akitaka kusema atasema. Akisema, usimuulize ilikuwaje na nani na lini, mwambie pole, nakuamini, sio kosa lako, basi. Na wewe acha kujitwika lawama kwamba ndo uliyependekeza, uliona kibanda cha chipsi kwenye kava kama wenzako wote.

Wifi yako sasa. Huyu nampa dakika moja tu. Nabii Yaakub alimlilia Yusuf mpaka macho yakawa meupe, nani atamwambia imani yake ilikuwa ndogo? Dua inatuliza na mimi mwenyewe huwaambia watu wasiiache, ila moyo kwenda mbio ni kazi ya mwili, hauombi ruhusa kwa imani yako kabla ya kuanza.

Umeuliza uache kusoma. Hapa watu huwa wanakwenda pande mbili na zote mbili siafikiani nazo. Wa kwanza wanasema acha kabisa. Ukiacha unapata nafuu papo hapo, na hiyo nafuu ndo mtego wenyewe, kwa sababu yule mlinzi wa getini anajifunza kwamba "tumekimbia tumesalimika, kumbe ni kweli palikuwa na hatari", kesho anaongeza. Leo utaacha simulizi, kesho grupu, keshokutwa masika yakianza unashindwa kulala mwezi mzima, na ukipata ujauzito unaogopa hata kwenda kliniki. Nimeona ikifika huko. Wa pili wanasema jikaze, irudie ile sehemu ya 14 kila usiku mpaka uizoee. Hao ndo hatari zaidi, ni kama kumfundisha mtu kuogelea kwa kumtosa Raskazone bahari imechafuka. Kumrudisha mtu kwenye kinachomtisha ni tiba kweli, lakini inafanywa taratibu, kwa mpangilio, mbele ya mtu aliyefundishwa.

Wewe endelea kusoma, badilisha namna. Usisome kitandani usiku, soma mchana watu wakiwepo. Kabla hujaanza muulize aliyekwisha kuisoma humo ndani kuna nini, mtoto kufa, kubakwa, nini, sio kosa kuuliza, utamu wa stori hauishi. Ukikuta mahali mwili unaanza kubadilika, ruka, kurasa hazitakushtaki. Mimi mwenyewe niliwahi kusoma stori ya harusi ndani ya basi kutoka Muheza, nacheka peke yangu, ghafla bibi harusi akafiwa na mama yake siku ya kuvishwa pete, na mimi wangu nilimzika miezi sita tu nyuma, nililia mpaka konda akaniuliza mama umeibiwa? Nilifunga simu nikaangalia machungwa njia nzima.

Na mkitaka, muwekeane utaratibu kwenye grupu, anayeleta stori aseme mwanzoni humu kuna hiki na hiki. Ila niseme ukweli wake, msidhani ule mstari wa tahadhari ni dawa. Watafiti walikusanya tafiti nyingi za jambo hilo wakatoa matokeo mwaka 2023, wakakuta tahadhari haipunguzi maumivu ya msomaji, inamuongezea wasiwasi kidogo kabla ya kuanza, na wengi wanasoma hivyo hivyo. Mimi bado naunga mkono iwekwe, kwa adabu tu, kama unavyomwambia mgeni mchuzi huu una pilipili. Mwenye kidonda mdomoni atajua la kufanya.

Mvua ikianza usiku na ukaona inakuja, usipambane nayo kichwani, shuka kwenye mwili. Kaa, weka miguu sakafuni usikie ubaridi wake. Pumua nje polepole, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, mara tano sita. Halafu washa taa uangalie kanga iliyo karibu nawe na usome jina lake kwa sauti, lote, herufi kwa herufi, kisha taja rangi zake na pindo lake. Wengine wanacheka nikiwaambia hivi ila kuna sababu, ukiwa unasoma na kutaja rangi unaulazimisha ubongo urudi chumbani kwako, leo. Malizia kwa kusema tarehe: leo ni siku fulani, mwaka fulani, hii ni mvua ya leo, wanangu wamelala pale. Yaani unampa yule mlinzi tarehe aliyokosa. Haitafanya kazi vizuri mara ya kwanza. Fanya na mchana jua likiwaka, ili usiku mwili uwe umeshaizoea njia.

Hiyo ni huduma ya kwanza lakini, na wewe nataka uende mbele zaidi. Uko wiki ya tatu. Mtu akishtuka siku kadhaa baada ya kitu kama hicho tunamwangalia tu, wengi inatulia yenyewe. Ikifika mwezi na bado hulali, au kabla ya hapo ukaona unaanza kumeza vidonge vya usingizi ulivyonunua dukani, au unashindwa kumshika mwanao, au linapita wazo la kwamba bora usingekuwepo, hilo la mwisho usisubiri hata siku moja. Nenda Bombo, ni hospitali ya rufaa ya mkoa, ulizia kitengo cha afya ya akili. Dirishani huna haja ya kueleza kisa chako mbele ya foleni, sema tu silali, nataka kuonana na mtu wa afya ya akili. Na ukimpata mwambie habari ya yule mtoto kwanza, kabla ya habari ya simulizi, maana ukianza na simulizi mnaweza kupoteza nusu saa kwenye chipsi.

Kwa yeyote kati yenu ambaye sehemu ya 14 ilikuwa ndo yake mwenyewe, polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na kuna vituo vya Mkono kwa Mkono vinavyotoa matibabu na ushauri mahali pamoja. Na kama kuna mtoto anafanyiwa hivyo sasa hivi mahali mnapopajua, piga 116, ni bure.

Wanachoweza kukufanyia huko naomba nikugusie ili usiende na hofu. Moja ya tiba zenye ushahidi mzuri ilijaribiwa kwa wakimbizi wa Sudan waliokuwa kambini Uganda, matokeo yakatoka mwaka 2004. Mshauri anatandika kamba chini, mwanzo wa kamba ni siku uliyozaliwa. Unaweka maua pale palipokuwa na mazuri na mawe pale palipokuwa na mabaya. Siku ya ndoa yako ua, mtoto wa kwanza ua, usiku ule wa mvua jiwe. Kisha mnaanza kuhadithia tangu mwanzo, na mkifika kwenye jiwe mnalihadithia polepole mpaka mwisho wake, mpaka asubuhi yake, ulilala wapi, nani alikuja kukuona, ulikula nini, na mshauri anaandika. Ukitazama kwa makini utaona dawa yenyewe ni simulizi, tofauti ni kwamba anayesimulia ni wewe na hakuna wa kukukatia njiani akuandikie itaendelea. Inauma, sitakudanganya, baada ya siku ya jiwe watu wanarudi nyumbani wamechoka kama wametoka shamba. Ila jiwe likishapewa mahali pake kwenye kamba, mvua inarudi kuwa mvua.

Kabla hata hujaenda, jaribu kumwambia mumeo sentensi moja tu kuhusu usiku ule. Ana miaka minne naye amenyamaza, na yeye ndo alikwenda makaburini.

Ile stori ukitaka kujua inaishaje usiimalizie mwenyewe kwanza. Mwambie huyo huyo wifi yako akusimulie, mchana, mkiwa mnamenya muhogo, na mwambie mapema akifika kwenye stoo aruke. Atafurahi, alikuwa anatafuta wa kumsimulia.